Kifumbu Nacho Kina Historia

Wapo miongoni mwetu wasomi ambao, walisikiapo neno makumbusho, mawazo yao huruka moja kwa moja hadi kwenye viti vya enzi, majambia ya masultani na ngoma za watemi. Kwao, jembe lililolika, kifumbu cha kuchujia tui na upawa wa kifuu ni takataka tu za shambani na jikoni. Sisi twasema kwamba fikra hiyo ni kasumba, nayo inawaibia walio wengi historia yao.

Kwa kuwa wenzetu hao hupenda kututolea mifano ya Marekani, na tuwapeleke huko huko. Katika mji mdogo wa Doylestown, jimbo la Pennsylvania, alizaliwa mwaka 1856 bwana mmoja aitwaye Henry Chapman Mercer. Alisomea sheria, kisha akawa mchimbuzi wa mabaki ya kale, akitafuta ardhini zana za mawe. Mwaka 1897 alikwenda kwa mnunuzi wa vitu vikuukuu kutafuta koleo la kushikia kuni za moto. Pale akakuta lundo: magurudumu ya kusokotea nyuzi, mizinga ya nyuki iliyosukwa kwa majani makavu, pembe za bati zilizokuwa zikipulizwa kuwaita watu waje kula. Vyote vilikwisha tupwa, kwa sababu viwanda vilileta vingine. Mercer akang'amua kwamba historia aliyokuwa akiifukua chini ya ardhi ilikuwa imelala pale mbele yake, na hakuna aliyeijali.

Akaanza kukusanya, hata vikafika vitu yapata 30,000. Kati ya mwaka 1913 na 1916 alivijengea jumba refu, akalibuni mwenyewe, la saruji makusudi ili moto usiliteketeze. Ndani yake mashua ya kuvulia nyangumi, mikokoteni na vikapu vimening'inizwa hewani, na pembeni viko vyumba vidogo, kila kimoja na kazi yake. Mercer hakutafuta vito wala mataji. Alitafuta mpini uliolainishwa na kiganja cha mtu asiyejulikana jina.

Hatumsifu kupita kiasi. Alikuwa na mali ya urithi, na kazi ya taifa haifai kungoja tajiri apendezwe nayo. Lakini alijua jambo ambalo sisi twalisahau: chombo kikifa, hufa pamoja na maneno yake. Mwaka 1929 alitoa kitabu kizima juu ya zana za maseremala wa kale, akieleza jina na matumizi ya kila moja. Tena alimtuma Rudolf Hommel hadi China kuchunguza zana za kazi za huko. Matunda ya safari hiyo yakachapishwa mwaka 1937, Mercer akiwa amekwisha fariki miaka 7. Fundi wa majahazi wa Lamu, mwenye tezo yake, na keke aizungushayo kwa uta, anastahili kitabu kama hicho. Nani amekiandika? Mwulize kijana wa sekondari maana ya kawa, au kalafati, uone atakavyokutazama. Nasi tutungao mashairi twazidi kulalamika kwamba lugha inapungua utamu!

Watajibu kwamba nchi yetu ina haja ya madawati na dawa kwanza. Ni kweli, ina haja hiyo. Lakini daftari moja na kalamu havikumnyima mgonjwa dawa. Wala njia si ngeni: mwaka 1962 iliundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na mwaka 1967 kikafunguliwa Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, chenye nyumba za wananchi wa kawaida. Kijiji kimoja hakiwezi kubeba nchi nzima. Na ati twajivunia utamaduni kwa sababu ngoma zilichezwa uwanjani siku ya sikukuu!

Walimu, likizo ijayo wapeni wanafunzi kazi hii. Kila mmoja amwendee bibi yake au fundi wa mtaani, aandike jina la chombo, jina la kila sehemu yake, kimetengenezwa kwa mti gani, na nani bado anajua kukitengeneza. Chumba kimoja cha shule chatosha kwa kuanzia, na chombo kikiletwa kimevunjika, kipokeeni.