Msitupe Zile CD

"Yaya, tupa ile ma-CD, bintu byote biko mu telefone." Ndivyo mdogo wangu anavyoniambia kila anapoingia chumbani kwangu hapa Rwezamenyo na kukuta makasha yamepangwa mpaka dirishani. Yeye nimemsamehe, ana miaka 17. Ambao sijawasamehe ni watu wazima wenye vitambulisho shingoni.

Mwaka jana nilienda kambini kumsalimia mama. Chumba cha vijana kilikuwa kimepata tableti mpya, na boksi la CD limetolewa nje, karibu na shimo la taka. Nikamwuliza mhusika. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba hizo ni katuni tu za Kijapani, zinawapotezea watoto muda. Nikalibeba boksi kichwani mpaka kwenye basi.

Katuni tu! Ndani yake mlikuwa na Hotaru no Haka, filamu ya Isao Takahata ya mwaka 1988. Kaka na dada yake mdogo wanakimbia mabomu ya Kobe mwaka 1945. Mama yao anakufa, wanaenda kukaa kwa shangazi. Shangazi si mchawi. Anawapokea, halafu anaanza kuhesabu mchele: nani anafanya kazi, nani anakula bure. Yule mtoto hafi kwa bomu, anakufa kwa njaa. Sasa niambieni, mtoto gani wa Kiziba au Mahama anahitaji kufafanuliwa habari hiyo? Tangu 2021 tulipogawanywa makundi, huyu anastahili msaada na yule hastahili, nyumba nyingi zimepata shangazi wa namna hiyo, au zimekuwa yeye. Mnatuletea katuni za kunawa mikono. Sizikatai, kunawa ni vizuri. Ila msituambie kwamba hizo ndo elimu na hii ni mchezo.

Mnasema kila kitu kiko kwenye simu. Netflix walianza kuonyesha filamu za Studio Ghibli kwetu mwaka 2020, lakini hii haikuwemo. Iliingia mwaka 2024. Miaka yote hiyo ilikuwa kwenye boksi, inangoja umeme tu. Na pesa ya mega ni pesa ya unga. Deki moja ikiwaka, uwanja mzima unaangalia.

Mtaniambia nyingi ni za kuchoma, ni wizi. Kweli, sibishi. Lakini zile halali ziliuzwa kwetu wapi? Wenye filamu waligawa dunia kwa namba: Marekani 1, Japani 2, sisi 5. Binamu yangu aliyehamishiwa Marekani alinitumia CD halisi, na kasha lake zuri. Deki yangu ikaikataa, imeandikwa 1. Hata CD ina nchi yake ya kuruhusiwa, mkimbizi atashangaa nini? Nilizunguka mpaka nikapata deki nyingine ya bei ndogo inayokubali namba zote.

Kuna jambo lingine, na hili ndilo lililonifanya nibebe boksi. Kigali nzima inajua agasobanuye, filamu ambayo mtu mmoja anaifasiri kwa sauti yake juu ya sauti za wenyewe. Marehemu Yanga alijulikana kwa kazi hiyo nchi nzima, kwa Kinyarwanda. Hotaru no Haka iliyotupwa ilikuwa imefasiriwa kwa Kiswahili chetu, na mwalimu wa shule ya msingi aliyetoka Masisi. Yule dada mdogo anamwita "kadogo". Mahali fulani sauti yake inakatika, anakohoa, anaendelea. Mwalimu amekwisha kufariki. Hiyo haiko kwenye tableti yenu, wala haitakuwako.

Basi mliobaki nazo, zisimamisheni kwenye kasha, msizilaze moja juu ya nyingine. Za kuchoma zina rangi inayokufa kwa jua na joto, ziondoeni karibu na bati. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe.

Ile ya mwalimu inakwama shangazi akiwa bado anagawa uji. Mwenye nakala nyingine, hata iliyokwaruzika, aje nayo Rwezamenyo. Deki ipo, na chai ipo.