Vipimo vya macho yako usiviache dukani

Safu ya Halima Abdi, Garissa

Wengi wanaopimwa macho katika maduka ya miwani hutoka na fremu na risiti, vipimo vikabaki kwenye daftari la duka. Mtindo huu ni mbaya, na sisi wa Kaskazini Mashariki unatuumiza zaidi.

Nairobi iko kilomita 370 hivi kutoka Garissa. Kutoka Mandera ni takriban 1,000. Mwalimu wa Mandera akivunjikiwa na miwani, naye hana karatasi ya vipimo, anaanza upya: nauli, malazi, ada ya kupimwa. Aliye nayo huipiga picha, akaituma mtaa wa Eastleigh, Nairobi, pamoja na pesa za M-Pesa, miwani ikaja na basi.

Karatasi yenyewe ni fupi. Kila jicho lina mstari wake. Namba yenye alama ya kutoa ni ya asiyeona mbali vizuri. Waliopita miaka 40 aghalabu huongezewa nguvu ya kusomea. Kinachoachwa nje mara nyingi ni PD, yaani umbali kati ya mboni mbili kwa milimita, ambao kwa watu wazima wengi ni 54 hadi 74. Lenzi ina kitovu chake. Kisipokaa mbele ya mboni, hasa lenzi ikiwa kali, macho huchoka na kichwa huuma hata kama namba nyingine zote ni sahihi. Kuipima PD ni kazi ya dakika moja kwa rula. Kisha mteja anaambiwa eti hiyo ni siri ya duka! Duka limepima macho, halikuyanunua.

Naielewa hofu ya mwenye duka. Amelipa kodi ya nyumba, amenunua mashine, halafu mteja aende kununua miwani kwingine. Basi atoze ada ya haki ya kupima, aibandike ukutani, na atoe karatasi.

Sheria iko upande wa mteja. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kinampa mtu haki ya kuziona taarifa zake zilizo mikononi mwa mwingine. Hakichagui raia na mgeni, kwa hiyo mkimbizi wa Dadaab anayo haki hiyo pia. Marekani wamekwenda mbele zaidi: tangu 1978 mpimaji sharti atoe nakala mara amalizapo kupima, bila malipo ya ziada, ingawa hata huko kanuni hiyo hailazimishi kuandika PD.

Kaunti za Garissa, Wajir na Mandera hutoa leseni za biashara. Ziweke sharti hili kwa kila duka la miwani.

Nawe msomaji, kabla ya kulipa, dai karatasi yenye namba za macho yote mawili, PD, tarehe na jina la aliyekupima. Weka picha yake kwenye simu. Baada ya miaka miwili hivi, kapimwe tena. Mwenye kisukari asingoje hata huo muda: macho yake yachunguzwe kila mwaka.