Injenieri wa Ituri na somo la pili: sheria ya madini na hesabu zisisahauliwe

Bunia – Vijana wengi wa Ituri wanaosoma uinjenieri wanajiuliza: wachukue somo gani la pili ili diploma isibaki paka karatasi ndani ya nyumba? Wengine wanaona informatiki, wengine Kiingereza, wengine wanatamani fakilte mbili kwa mara moja. Swali ni la maana. Jimbo liko na zahabu, mito na barabara za kutengeneza, lakini injenieri kijana anazunguka mjini na bahasha mkononi.

Fakilte mbili ni mzigo mkubwa. Katika mfumo wa LMD, ambao vyuo vya Kongo viliingia kwa jumla tangu mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ni miaka 3 na kredi 180, ni kusema kredi 60 kila mwaka. Filieri moja peke yake inajaza saa za mwanafunzi. Filieri mbili ni minervali mbili, na masomo yanayogongana. Mzazi aliyekimbia Djugu ao Irumu na kuacha shamba nyuma hawezi kubeba hiyo.

Basi mwanafunzi atazame kwanza ni wapi kazi ya injenieri inakwama hapa kwetu. Mara nyingi kinachokwama si mashini. Ni makaratasi na makuta.

Mfano ni sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 machi 2018. Kampuni inayochimba zahabu inapashwa kulipa serikali 3,5 % ya bei ya mali inayouzisha. Katika kodi hiyo, 50 % inaenda Kinshasa, 25 % kwa jimbo, 15 % kwa kolektivite ao mji wenye mgodi, na 10 % kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inatosha 0,3 % ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wakaaji.

Tufanye hesabu. Kampuni ikiuzisha zahabu ya dola 100 000, kodi ni dola 3 500. Kolektivite inapata 525. Dola 300 zingine ni za maendeleo ya wakaaji. Zikijenga masomo ao kisima, nani atahakikisha kama simenti iliyolipwa ndiyo iliyotumiwa? Mwanasheria hajui kupima ukuta. Injenieri asiyejua hesabu za feza hawezi kusoma fakture. Mtu anayejua yote mawili, kolektivite inamuhitaji.

Kuna pia wachimbaji wa mikono, ambao ni wengi sana Ituri. Sheria hiyo inawataka wawe ndani ya koperative zilizokubaliwa na serikali. Injenieri wa madini aliyejifunza uongozi wa koperative anaweza kuwasaidia kuchimba bila shimo kuwaangukia, na kuandika vizuri gramu zinazotoka.

Sheria ingine, ya tarehe 8 februari 2017, inaachia kazi ndogo-ndogo za makampuni makubwa kwa makampuni ambayo mtaji wake mkubwa ni wa Wakongomani. Injenieri wa ujenzi ao wa umeme anayejua kufungua kampuni na kuandika bei ya kazi anaweza kujiajiri, pasipo kungojea barua ya kuitwa.

Kiingereza nacho kisizarauliwe. Uganda iko karibu, bidhaa nyingi zinapita Mahagi, na vitabu vya mashini nyingi havikuandikwa kwa Kifaransa. Lakini luga inaweza kusomwa magaribi, haidai fakilte nzima.

Njia iko. Mwanafunzi abakie na filieri moja yenye diploma. Aombe ruhusa ya kusikiliza masomo ya sheria ao hesabu katika fakilte ingine. Likizo afanye staji kwenye ofisi ya kolektivite ao koperative, na TFC yake iguse kazi moja ya kweli: daraja, mtambo mdogo wa umeme, mgodi, pamoja na bei yake na sheria yake. Anayetaka Master katika filieri ingine, ambayo ni kredi 120, aulize mapema kama atadaiwa masomo ya kujaza.

Vyuo pia viko na sehemu yao. Saa chache za sheria ya madini na za kusoma bajeti, zikiingizwa kwa wote wanaosoma uinjenieri, zingepunguzia wazazi garama. Na kolektivite zingepata watoto wao wenyewe wa kuhesabu kile kinachotoka ndani ya udongo wao.