Mchezo Usiokwisha

Dada mpendwa, mwezi wa kufunga hesabu za ofisi umekubana. Usiku, watoto wakishalala, unashika simu ucheze Tetris. Usijione mvivu, akili iliyochoka hudai burudani. Lakini ujue mchezo wenyewe. Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta, aliubuni Moscow mwaka 1984, naye mwenyewe akashindwa kuuacha. Vipande vya maumbo 7 hushuka. Mstari ukijaa hufutika, na kasi huzidi. Kwa kawaida hauishi mpaka ushindwe, ndiyo maana mkono hutamani kuanza upya. Basi, kabla hujaanza, tega saa ilie baada ya dakika 20. Ikilia, zima simu ukalale. Kesho hesabu zinakungoja.