Milima Iwe Ukingo wa Reli

Watoto wa Maore huiona milima ya Upare upande wa magharibi; reli itokayo Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, iko ng'ambo ya milima hiyo. Yafaa basi tuwatengenezee garimoshi la mfano. Lakini reli tukiiinua juu ya vijiti, garimoshi likiacha njia huanguka likavunjika, na ari ya mtoto huvunjika nalo. Wengi wetu hupigilia vibao kandokando. Sisi twaona kuwa milima ya udongo iwe ukingo upande mmoja, na mafungu ya nyuzi za mkonge upande wa tambarare. Kwenye kona mabehewa huchomoza. Hapo tuache nafasi ya kidole. Pambo hilo litalinda, tena litafundisha jiografia.