Fungeni hita, acheni ubishi!

Leo nina hasira na mwenye nyumba wangu hapa California. Hita ya maji imesimama gereji kama mlevi, imeshikwa na mkanda mmoja wa bati uliopigwa skrubu kwenye jipsamu tupu! Nikimwambia anacheka, eti mbona miaka yote haijaanguka.

Jamani, tangi la galoni 40 likijaa linakaribia kilo 200. Ardhi ikitikisika linalala chini na kung'oa bomba la gesi. Northridge mwaka 1994 hita zilianguka, moto ukawaka. (Ninyi wa Bukoba mlioyaona ya Septemba 2016 mtanielewa.) Sheria ya hapa inataka hita ifungwe: mkanda mmoja juu, mwingine chini, skrubu ziingie kwenye nguzo za mbao ndani ya ukuta. Tena tangi likisalimika, una lita 150 za maji maji ya mji yakikatika.

Kodi yake haisahau hata siku moja! Jumamosi nanunua mikanda mwenyewe, risiti nampelekea yeye.