Mkungu Uliokatwa kwa Sahihi Zetu

Makala haya nilitaka kuyaandika siku ile ile, nikajizuia ili hasira zipungue kwanza. Hazikupungua, basi yapokeeni hivyo hivyo.

Kwenye kompaundi ninayokaa palikuwa na mkungu getini. Sisemi mkungu wa ndizi. Nasema ule mti wetu wa pwani, matawi yake yanatoka tabaka juu ya tabaka kama ghorofa, majani mapana kama sahani, yakizeeka yanakuwa mekundu kabla ya kupukutika. Nani kati yetu hakuokota makungu utotoni, akala nyama ya tunda, kisha akakaa na jiwe kuponda kokwa apate kile kiini chembamba chenye ladha ya lozi, na vidole vikaumia zaidi ya alichokula? Jamaa zetu wa Maskati wanauita bidamu. Bahrain tunda lake ndilo lozi, na wakati wa joto linauzwa kando ya barabara. Hapa Doha si mti unaouona kila mtaa, na watoto wa kompaundi yetu, wasiojua jina lake, waliuita mti wa mwavuli.

Novemba 2023 ulikatwa. Msimamizi wa nyumba hakuamka tu akaushika msumeno. Alikuwa na karatasi yenye sahihi 14 za wapangaji, na 4 kati ya hizo ni za Waswahili wenzangu, watu tunaokula nao futari na tunaosoma nao jarida hili. Wao ndio ninaosema nao leo, na majina yao nayaacha.

Karatasi ilitaja sababu tatu: majani yanachafua, matunda yanatia madoa kwenye magari, na watu wanakusanyika chini yake.

Majani, nakubali. Mkungu unapukutisha majani kwa wingi, na jani moja linajaza kiganja na kuzidi. Dawa yake ni ufagio. Mama zetu walifagia majani ya mkungu alfajiri, na sijasikia nyumba iliyoangamizwa nayo.

Madoa pia ni kweli. Tunda na majani yana tanini, na rangi yake ikikaukia kwenye gari jeupe unasugua. Lakini mji huu umejaa mitende barabarani, na tende mbivu ikianguka kwenye kioo cha gari inanata kuliko kungu. Mbona hamkuandika karatasi kuhusu mtende? Kwa sababu mnajua wenyeji wangewacheka. Nchi hii inaheshimu mti unaozaa. Nembo ya Qatar Foundation yenyewe ni mti wa sidra, nao ni mkunazi, ule ule ambao majani yake tunaoshea maiti wetu. Wanaotaka mti tasa ni sisi wageni, tukidhani kwamba ndio ustaarabu.

Hoja ya mizizi haikuwemo kwenye karatasi, ila mmoja wenu aliniletea kwa mdomo, akijua kazi yangu ni mabomba ya maji taka. Ndugu yangu, uliingia mlango usio wako. Mkungu una mizizi mipana ya juu juu na unaweza kuinua vigae, kwa hiyo hupandwa mbali na ukuta, mita 5 au zaidi. Huo si mti wa ndani ya chungu. Lakini kinachoziba mabomba Ghuba nzima ni damasi, zile nyua za kijani mnazozisifu kwa usafi, ambazo aina yake moja asili yake ni Somalia. Mizizi yake inafuata unyevu hadi kwenye kiungo cha bomba, inaingia nyembamba kama uzi, na ndani inanenepa kama mkia wa ng'ombe. Nimeitoa kwa mikono yangu. Na ndiyo iliyopandwa mahali pa mkungu, safu nzima.

Nabaki na sababu ya tatu, na hiyo ndiyo iliyoukata mti. Hizo mbili zilikuwa nguo za kuivika.

Watu wanakusanyika. Watu gani? Mlinzi wa geti, kijana wa Kisumu, anayekaa kwenye kibanda cha bati ambacho kiyoyozi chake kilikuwa kibovu kiangazi kizima. Madereva wanaosubiri watoto wa shule. Dada wa Kiganda anayelea mtoto wa nyumba namba 6. Wafagiaji wa barabara. Tangu 2021 sheria hapa inakataza kazi za nje juani kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, Juni mosi mpaka Septemba 15. Sheria nzuri. Sasa mtu aliyeambiwa pumzika, apumzike wapi? Walikuja pale mkunguni, wakala chakula chao, wakazungumza Kiswahili, na mimi nikitoka kazini nilisimama nao dakika mbili tatu nipate habari za nyumbani ambazo kwenye simu hazipo. Wenzangu wanne, nanyi mlisimama pale. Nimewaona.

Tunawafundisha watoto wetu kwamba mchumia juani hulia kivulini. Tazameni maegesho yetu: kila gari lina turubai lake. Gari limepata kivuli, na mlinzi tumemkatia chake. Tena turubai si badala ya mti. Kitambaa kinapata moto, kisha kinaumwagia chini yake. Jani linatoa maji na kujipoza, na wewe uliye chini unapoa nalo. Hilo ni somo la mwaka wa kwanza.

Sisi ndio wa kufanya hivi? Miji yetu imeitwa kwa miti tuliyokaa chini yake: Mkunazini Unguja, Mtaa wa Mkunguni Kariakoo, Mwembe Tayari Mombasa. Babu zetu hawakuuliza nani anaruhusiwa kukaa. Mmoja wenu aliniambia, "Kaka, sisi wapangaji tu, mti si wetu." Ungekuwa si wako usingetia sahihi.

Kwa wenye nyua zao, au wenye msimamizi msikivu, nasema mkungu unaota hapa. Unavumilia chumvi na upepo. Hauwezi barafu, na Doha haina. Panda kungu zima lililokauka, kwenye mchanga uliochanganywa na mbolea ya samadi, litachipua ndani ya wiki chache. Mche uhamishe Oktoba au Novemba, usithubutu Mei. Miaka miwili ya mwanzo uukinge na shamali ya Juni. Majani yakigeuka njano na mishipa ikabaki kijani, ni chokaa ya udongo wetu inaunyima chuma. Tia dawa ya chuma, usizidishe maji. Na maji yenyewe msinunue. Mvua hapa ni kama milimita 75 kwa mwaka, lakini kiyoyozi chako Agosti kinadondosha ndoo kwa ndoo za maji yasiyo na chumvi, na mnayaacha yakimbilie sakafuni. Funga mpira, elekeza shinani.

Wiki moja kabla ya msumeno, mlinzi yule aliniokotea makungu 11 kwenye mfuko wa mkate. Yameota 9. Yamo kwenye madebe darini kwangu, la refu zaidi linanifika gotini. Mawili nimeshaahidi. Saba yaliyobaki anayetaka aje Ijumaa baada ya Isha, na wale wanne wakija sitawauliza kitu. Waje na ndoo tu, madebe yangu nayahitaji.